Kuchagua mfumo wa kidijitali wa chuo: mtazame kwanza anayeingiza alama

Mwezi wa tano mwaka jana mama mmoja alitoka Malaba na kijana wake, wakakaa kwenye benchi nje ya ofisi yetu tangu saa mbili asubuhi. Kijana alikuwa amemaliza mwaka wa tatu na jina lake halikuwamo kwenye orodha ya mahafali. Nilifungua matokeo yake kwenye kompyuta. Masomo yote yalikuwa yamejaa isipokuwa moja la mwaka wa pili, muhula wa kwanza. Hapo palikuwa na kistari tu. Mama akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, huyu mtoto hakufanya mtihani?"

Alifanya, na karatasi yake ilisahihishwa. Mhadhiri aliyemfundisha alikuwa wa muda. Alama alizihifadhi kwenye Excel ndani ya kompyuta yake mwenyewe, akasema ataziingiza akipata nafasi, kisha akapata kazi Mbarara akaenda. Mfumo ulikuwepo wakati wote huo, tena umelipiwa, na wanafunzi waliingia humo kila muhula.

Mwaka huu chuo kinachagua mfumo mwingine na mimi nimo kwenye kamati, baada ya miaka 14 kwenye ofisi ya msajili wa taaluma hapa Tororo, mashariki mwa Uganda. Najua kamati kama yetu zinakaa Mbale, Soroti, Arua na Kabale, na najua vikao vyake vinavyokwenda. Kampuni inaleta projekta, inaonyesha ukurasa mzuri wa mwanafunzi wenye picha na rangi za chuo, wakubwa wanatikisa vichwa, mkataba unasainiwa. Mimi naona tunalinganisha kwa kutazama upande usio sahihi, na kosa hilo ndilo lililomweka yule mama kwenye benchi.

Nani hasa anaukubali mfumo

Fred Davis alipochunguza mwaka 1989 kwa nini watu huitumia programu au huikataa, aliweka mbele mambo mawili: mtu aone itamsaidia katika kazi yake, na aone haitamchosha kuitumia. Sehemu ya watu aliowapima walikuwa wafanyakazi wa IBM nchini Kanada. Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake watatu walizipitia nadharia nane za aina hiyo wakaziunganisha kuwa moja. Humo kuna faida anayoitarajia mtumiaji, jasho litakalomtoka, msukumo wa watu wanaomzunguka, na mazingira ya kumwezesha, yaani vifaa na mtu wa kumuuliza. Wakaongeza kwamba uzito wa mambo hayo hubadilika kwa umri, jinsia, uzoefu, na kwa kutegemea kama mtu anatumia kwa hiari yake au kwa kulazimishwa.

Hilo la hiari ndilo tunaloliruka. Mwanafunzi wa chuo hana hiari. Asipoingia kwenye potali, yaani ukurasa wake ndani ya mfumo, hasajiliwi, asiposajiliwa hakai kwenye mtihani. Ukimletea mfumo mbovu kuliko yote atautumia tu, kwa hiyo idadi ya wanafunzi walioingia haikuambii kitu kuhusu kukubalika.

Nje ya geti letu kuna duka la fotokopi. Wiki moja ya usajili nilikwenda kutoa nakala ya kitambulisho nikakuta foleni ya wanafunzi kama ishirini. Dada wa dukani alikuwa na kompyuta moja, na pembeni kaunta buku limefunguliwa. Mwanafunzi anatoa shilingi 2,000, dada anaingia kwenye potali kwa niaba yake, anachagua masomo, anatoa namba ya malipo, anachapisha. Kaunta buku lilikuwa na safu tatu zilizopigwa kwa rula: jina, namba ya usajili, neno la siri. "Wakisahau wanarudi kwangu," aliniambia, na alikuwa anasema kweli. Kwenye ripoti ya kampuni, wanafunzi wale wote walihesabiwa kuwa watumiaji. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakitaka chuo kilinde taarifa za mwanafunzi, na hapo maneno ya siri ya nusu ya darasa yalikuwa wazi juu ya meza, hatua chache kutoka kwa askari wetu wa getini.

Mwenye hiari ni mhadhiri, hasa wa muda, na vyuo vya kama chetu vinaishi kwa wahadhiri wa muda. Anafundisha vyuo viwili au vitatu, ana mifumo mitatu na maneno ya siri matatu, na hakuna anayemlipa kwa saa anazotumia kuingiza alama. Akiona kazi ni nzito ataiahirisha, na hakuna askari wa kumzuia getini. Kwa hiyo katika ulinganisho ninaoufanya hapa, swali la kwanza kwa kila mfumo ni hilo: mhadhiri huyu atauingia tena mara ya pili?

Kumbukumbu za wanafunzi: kujijengea, kununua, au mfumo wa pamoja

Chuo chetu kimepitia njia mbili kati ya hizi tatu. Kwanza vijana wetu wawili wa TEHAMA walitujengea mfumo, ukafanya kazi miaka minne. Kisha tukanunua wa kampuni, kwa malipo ya kila mwanafunzi kwa kila muhula. Njia ya tatu, ya mfumo mmoja unaotumiwa na vyuo kadhaa, tumeiona kwa majirani.

Kwenye kuingiza alama, ule wa kujijengea uliushinda wa kununua vibaya sana. Vijana wetu walikaa na wahadhiri kabla ya kuandika chochote. Ukurasa ulifanana na orodha ya karatasi waliyoizoea: majina yote chini kwa chini, safu ya kazi za muhula, safu ya mtihani, jumla inajitokeza yenyewe. Unabonyeza mshale unashuka kwa mwanafunzi anayefuata. Ukiwa na Excel yako unanakili safu nzima na kuibandika. Mhadhiri mwenye wanafunzi 180 alimaliza kabla chai haijapoa.

Ule wa kununua ulimfungulia kila mwanafunzi ukurasa wake. Fungua, andika, hifadhi, rudi, tafuta jina linalofuata, mara 180. Ukinyamaza dakika chache unatolewa nje uingie upya. Mwalimu wetu wa takwimu, mzee mwenye subira kuliko wote ninaowajua, aliamua kuziingiza usiku kwa simu yake kwa sababu nyumbani umeme ulikuwa umekatika. Alifika jina la 60, mtandao ukayumba, akatolewa. Alipoingia tena alikuta majina 41 tu ndiyo yamehifadhiwa, na mfumo haukumwonyesha ni yapi yaliyopotea. Hakurudi. Asubuhi alikuja na karatasi, akaiweka mezani kwangu, akasema, "Ndugu yangu, nisaidie." Muhula huo nilimwingizia mimi, pamoja na wenzake kadhaa. Mkuu wa chuo aliambiwa mfumo umekubalika kwa sababu alama zilikuwemo. Sikusema kitu siku ile, na nilikosea kunyamaza.

Ipo mifumo ya kununua inayopokea faili la Excel. Ukiambiwa hivyo usiishie hapo. Omba uone faili lenyewe. Mingine inapokea orodha yoyote yenye namba ya usajili na alama. Mingine inataka kiolezo chake chenye safu kumi na moja na tarehe zilizopangwa kwa namna yake, na ukikosea safu moja faili lote linakataliwa bila kuambiwa kosa liko wapi. Hii ya pili ni sawa na kutokuwa nayo.

Kwenye kurekebisha kosa mambo yanageuka. Mfumo wa vijana wetu haukuweka alama yoyote ya nani alibadilisha nini. Mhadhiri akikosea alimpigia kijana simu, kijana akaingia moja kwa moja kwenye hifadhidata akabadilisha. Ilikuwa rahisi mno, na urahisi huo ndio ulionikosesha usingizi. Kubadilisha alama kwa hongo ni ugonjwa uliokwisha kuviaibisha vyuo vya nchi hii magazetini. Wa kununua ulidai mkuu wa idara aidhinishe, kisha mkuu wa kitivo, na kila hatua ikabaki na jina na saa. Wahadhiri walilalamika kwamba unachelewesha. Lakini siku mmoja wao aliposhutumiwa kwamba ameuza alama, kumbukumbu hizo ndizo zilizomwokoa, na tangu siku hiyo idara yake ilibadilisha lugha. Mtu huuvumilia mzigo akishaona unamlinda.

Na kijana akiondoka? Mmoja wa wale wawili alichukuliwa na benki Kampala, mshahara ambao chuo kisingeuweza. Aliyebaki hakuuelewa mfumo wote. Ndani ya muhula mmoja wahadhiri walinusa kwamba nyumba haina mwenyewe, wakarudi kwenye karatasi kabla hata mfumo haujaanguka. Hilo hutokea haraka kuliko unavyodhani. Kama chuo chako kina mtu mmoja tu wa programu, usijijengee, hata kama ni mtoto wako wa kumzaa. Kampuni nayo inaweza kufunga. Tofauti ni kwamba kwa kampuni unaweza kuandika kwenye mkataba kwamba data zote zitolewe kwa faili linalosomeka wakati wowote chuo kikitaka, na unaweza kulijaribu sharti hilo kabla ya kusaini.

Njia ya tatu ina historia hapa kwetu. Miaka ya 2000 Makerere ilikuwa na mfumo wa ITS kutoka Afrika Kusini. Siku hizi iko kwenye ACMIS, ambao unatumiwa na vyuo vingine vya umma pia. Jambo ninalolionea wivu hapo ni malipo. Mwanafunzi wa chuo cha umma anatoa kwenye potali namba ya kumbukumbu ya malipo, ile watu wote wanaita PRN, iliyounganishwa na Mamlaka ya Mapato. Analipa benki au kwa simu, na malipo yanaonekana kwa mhasibu bila mtu kubeba karatasi. Anayekumbuka foleni za karatasi za benki, nyingine za kughushi, anaelewa kwa nini wahasibu hawakuhitaji semina ya kuupenda utaratibu huo. Unapunguza kazi yao siku ya kwanza. Faida ya pili ni kwamba karani akihama kutoka chuo kimoja kwenda kingine anaukuta mfumo anaoujua, na mwenzake wa kumuuliza yupo. Upungufu wake ni wa kimaumbile: ukitaka kitu kibadilishwe hauko peke yako, na chuo kidogo kinasubiri pamoja na vikubwa. Kwa chuo cha umma kisicho na timu yake ya TEHAMA, mimi ningeingia humo bila kusitasita.

Kwa chuo binafsi kama chetu, nimeegemea kununua, kwa masharti mawili yasiyojadiliwa: ukurasa wa alama unaofanana na orodha, na data zinazotoka. Sura ya potali ya mwanafunzi nimeiweka mwisho kabisa. Ila kuna kitu kimoja cha mwanafunzi nisichokiacha: kurejesha neno la siri kwa ujumbe wa simu. Asilimia kubwa ya foleni ya yule dada wa fotokopi ingeyeyuka kwa hilo peke yake, kwa sababu mfumo wetu ulituma kiungo kwa barua pepe ambayo mwanafunzi hakuwahi kuifungua tangu alipojaza fomu ya kuomba chuo.

Kufundishia: Moodle, Google Classroom, na WhatsApp ambayo hakuna aliyeichagua

Huu ni uamuzi tofauti, na wauzaji wanaouchanganya na ule wa kwanza hawatusaidii. Hata Makerere kumbukumbu ziko ACMIS na masomo yako MUELE, ambayo imejengwa juu ya Moodle, programu ya kuweka masomo na kupokea kazi za wanafunzi mtandaoni.

Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya Uviko-19, vikafunguliwa kwa vipande, vikafungwa tena Juni 2021. Katika kipindi hicho ndipo tulipojua nani anakubali nini. Sisi tulikuwa na Moodle iliyokaa miaka miwili karibu tupu. Wahadhiri walikimbilia WhatsApp kwa sababu wanafunzi walikuwa tayari wamo humo, sauti inarekodiwa kwa kidole kimoja, na mtu wa Busia mwenye simu ndogo anaipata. Kwa nadharia ya Venkatesh WhatsApp inapata alama zote: haina jasho, kila mtu yumo, kifaa kipo. Wanaoilaumu WhatsApp kwamba si mfumo rasmi wajiulize kwanza kwa nini rasmi ulikuwa mtupu.

Lakini nimekaa upande wa pili wa meza, pale malalamiko yanapofika. Mwanafunzi anasema, "Nilituma kazi tarehe 9." Mhadhiri anasema hakuiona. Kisha inajulikana mhadhiri alibadilisha simu na mazungumzo ya zamani hayakuhama nayo. Hakuna wa kumhukumu hapo, na mwanafunzi ndiye anayeumia. Moodle ingemwonyesha saa na dakika. Kwa hiyo kanuni niliyoipendekeza ni nyepesi: matangazo na maelezo yapite WhatsApp kadiri mnavyotaka, kazi yenye alama isipite huko.

Google Classroom, darasa la mtandaoni la Google, iko katikati. Ni nyepesi, haina gharama kwa chuo, na mwenye simu ya Android ameshazoea akaunti ya Google. Mhadhiri mgeni anaielewa siku moja. Hifadhi si ya bila kikomo kama zamani; tangu 2022 chuo kina terabaiti 100 za pamoja, ambazo kwa chuo cha ukubwa wetu zinatosha. Data zinakaa nje ya nchi, kwa hiyo mwanasheria wa chuo aisome ile sheria ya 2019 kabla. Kama hamna mtu wa kutunza seva, chukueni hii na msione haya.

Moodle ni ya bure pia. Martin Dougiamas wa Australia alitoa toleo lake la kwanza mwaka 2002 na programu imebaki huru. Gharama yake ni seva na mtu. Kwa nini basi mimi bado naitetea? Kwa sababu ya bando na kwa sababu ya kukatwa kwa intaneti. Programu yake ya simu inamruhusu mwanafunzi kupakua somo akiwa chuoni, kwa Wi-Fi ya eduroam inayoletwa na RENU, mtandao wa utafiti na elimu wa Uganda, kwa vyuo wanachama, kisha alisome kijijini bila data. Tangu Julai 2021 data ya intaneti ina tozo ya asilimia 12. Sheria imeacha nje huduma za elimu na afya, lakini bando analonunua mwanafunzi kwa wakala ni lile lile la kila mtu. Mwaka 2020 MTN na Airtel waliiruhusu MUELE ifunguliwe bila kukata data, jambo ambalo chuo chenye tovuti yake kinaweza kuliomba, na kikundi cha WhatsApp hakiwezi. Na Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi kwa siku karibu tano, kila kilichokaa mbali kilizimika. Seva iliyo ndani ya jengo inaendelea kuwahudumia walio ndani ya uzio.

Kwa hiyo: seva na mtunzaji mkiwa nao, Moodle. Msipokuwa nao, Google Classroom. Msiwe na zote mbili. Mhadhiri akiambiwa ana uhuru wa kuchagua, mwanafunzi mmoja atajikuta na masomo sita kwenye sehemu nne, nami nimewaona wakilia kwa hilo.

Jinsi tutakavyojaribu

Kampuni mbili zimebaki kwenye orodha yetu. Tumekataa maonyesho ya projekta. Kila moja italeta mfumo wake ukiwa na majina ya majaribio 180, na wahadhiri watatu wa muda wataingiza alama mbele yetu, bila mafunzo yoyote, mmoja kwa kompyuta ya maabara, mmoja kwa kompyuta yake, mmoja kwa simu. Katikati ya zoezi tutazima mtandao kwa dakika tano tuone kilichobaki. Kisha tutaomba data zote zitolewe nje, palepale. Nitashika saa mwenyewe.

Kijana wa Malaba alipata alama zake. Karani wa idara alikuwa na orodha iliyosainiwa na yule mhadhiri, ndani ya faili la boksi juu ya kabati, imefifia lakini inasomeka. Mama alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kwa sababu ya faili lile tumeongeza sharti kwenye zabuni: siku alama zinapoidhinishwa, mfumo uchapishe orodha moja, mhadhiri na mkuu wa idara waisaini, ikae kwa karani. Karatasi itoke kwenye mfumo. Tulichokuwa nacho ni kinyume chake, karatasi inaulisha mfumo kupitia vidole vyangu.

Majaribio ni wiki ya pili ya Agosti. Mwalimu wa takwimu amekubali kuja, na atatumia simu yake ileile.